Nilimnunulia Dogo Kitabu cha Darasa la Tatu, Tukakivalisha Gazeti

Wadau, kuna mama staa mmoja wa hapa Bongo, jina nalibakiza mfukoni, alipost mwanawe anasomea nyumbani. Meza nyeupe, tableti, mwalimu anakuja na gari. Mashabiki wakamuuliza dogo anatumia kitabu gani cha hesabu, staa kimya mpaka leo. Basi ngoja nijibu mimi, maana na mimi nina mtoto anayesoma hesabu nyumbani. Ila nyumba yenyewe ni dungu, katikati ya mpunga, Namawala.

Kwa wasiopajua, ni bonde la Kilombero huku, ukitokea Ifakara. Msimu wa kilimo ukifika familia nyingi zinahamia shamba, zinakaa huko miezi mpaka mpunga uvunwe. Mtoto wa dada yangu yuko darasa la tano, anaishi na bibi yake, yaani mama yangu. Bibi akihamia shamba na dogo anahama. Shule kaandikishwa, msinirukie, lakini maji yakijaa njiani haendi. Mwaka huu nikajipa ualimu. Mimi huyu huyu niliyepata F ya hesabu fomu foo.

Nikaingia duka moja la vitabu nikachukua kile kinene, maswali na majibu, jalada linang'aa. Elfu sita yangu ikaenda. Siku ya tatu dogo kafanya swali: tafuta 3/8 ya 40. Kaandika 15. Nikafungua majibu nyuma, kitabu kinasema 24. Nikamwambia umekosa, rudia. Akafuta kwa mate na kidole mpaka karatasi ikatoboka. Akarudia, akapata 15 tena. Nikamfokea, eti hana akili. Jamani. Usiku nikapiga kwenye simu: 40 gawanya kwa 8 ni 5, mara 3 ni 15. Mtoto alikuwa sahihi muda wote.

Asubuhi nikamwomba msamaha. Akaniambia, "Mamdogo, na mimi nilijua ni 15, ila kitabu kimekataa." Hiyo kauli iliniuma kuliko ile F yangu.

Tangu hapo kitabu chochote cha ziada, kabla sijatoa hela, nafungua majibu na kufanya maswali matano palepale dukani. Muuza akinuna anune. Na kama mada haina hata mfano mmoja uliofanywa hatua kwa hatua, narudisha kwenye shelfu. Maswali matupu yanamfaa anayejua tayari.

Ubongo Kids nayo tumepita. Ni katuni za Kitanzania, zipo tangu 2014, hesabu na sayansi kwa nyimbo, na kwa Kiswahili. Nilizipakua mjini nikazitia kwenye memori kadi, maana kule shamba bando ni kulilia. Dogo alizipenda hatari, zikamrudishia hamu. Lakini kuimba ni kuimba. Ukimpa 3/4 + 1/6 bado anakuandikia 4/10, juu kajumlisha, chini kajumlisha, kamaliza.

Sasa hapo ndo nikashtuka. Nikamuuliza 6 mara 4, akaanza vidole. Kutafuta KDS ya 4 na 6 angewezaje, kama tebo ya 6 yenyewe hana? Tatizo halikuwa la darasa la tano hata kidogo. Mtoto alidondokea huko chini, misimu ya shamba ikampita, darasa likasonga bila yeye. Na mimi nilikuwa namrundikia maswali ya juu.

Nikaenda kutafuta kitabu cha Hisabati cha mwanafunzi cha darasa la tatu, kile cha Taasisi ya Elimu. Sio cha ziada hata, ni cha kawaida kabisa. Haking'ai, ila kinakwenda pole pole na mifano ipo. Dogo alipoona jalada akanuna, akasema wenzake wakimuona watamcheka. Kwa hiyo tukakivalisha gazeti. Mbele akaandika jina lake na neno HISABATI, basi.

Kila jioni, ndege wakishatulia na kazi ya kuwafukuza ikiisha, tunafanya kurasa mbili. Tebo anasema kwa sauti akitembea kwenye tuta. Wiki ya tano hivi tukarudi kwenye sehemu, nikatumia mpunga wa bibi. Gunia letu ni debe sita. Mnunuzi wa msimu uliopita alitaka lumbesa, kila gunia debe moja juu, na bibi alimuuzia gunia kumi. Lumbesa kila siku inapigwa marufuku na kila siku ipo.

Dogo akachora chini kwa kijiti. Debe kumi za bure. Gawanya kwa sita. Akasema, "Bibi, ulimpa gunia moja na theluthi mbili hujalipwa."

Bibi hakujibu. Alikaa akiangalia ile michoro, kisha akauliza theluthi mbili ni debe ngapi. Nne, akajibiwa. Akasema mwaka huu mnunuzi akija, wewe ukae karibu yangu.

Jumamosi nakwenda Ifakara kutafuta cha darasa la nne. Dogo kashatunza gazeti lake.