Jina la Viwavi

Jina ni mali ya kwanza apewayo mtoto, naye huipokea kabla hajaweza kukataa wala kushukuru. Akikua ndipo hutazama alichopewa. Wako waonao fahari, wako waonao haya, na wengi hawatazami kabisa.

Kamunyonge, katika mji wa Musoma, palikuwa na binti aliyeona haya. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, hodari katika masomo yake, na jina la ukoo wao, kwa lugha ya kwao, lilikuwa na maana ya njaa. Alipokuwa mdogo watoto wenzake waliijua maana hiyo wakamcheka. Chuoni, ambako hapana aliyeijua, waliuliza, naye akawa akijibu kwamba haijui. Likizo moja alirudi nyumbani na karatasi ya kiapo mkononi. Ilikuwa imeandikwa tayari, imebaki kutiwa sahihi, ya kuliacha jina lile na kutwaa jingine. Kwa adabu aliyofunzwa alimwendea babu yake kumwarifu kwanza.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu."

Alipokwisha kusikiliza, mzee hakukasirika. Aliuliza neno moja tu: "Na jina hilo jipya umelitoa wapi?"

"Nimelisoma kitabuni, Babu. Ni jina la watu wakubwa."

"Watu wakubwa," mzee alirudia taratibu. "Basi usitie sahihi leo. Kesho panda gari uende Butiama, ukaulize habari za jina la watu wakubwa wa huku kwetu. Ukirudi, fanya utakalo."

Kutoka Musoma mpaka Butiama ni kiasi cha kilomita 40, safari fupi kwa gari. Binti alikwenda. Alifika Mwitongo, penye nyumba ya watemi, mawe makubwa na makaburi ya ukoo. Mtu wa kwanza aliyeulizwa maana ya neno Nyerere alimjibu bila kusitasita wala kushusha sauti: "Viwavi."

Jibu hilo ndilo walipewalo wote waulizao. Mtoto aliyeitwa Nyerere alizaliwa kiasi cha mwaka 1860, wakati nchi ya Wazanaki ilipovamiwa na viwavi, wadudu wasiobakiza jani. Wazazi hawakumtafutia mwana wao jina la simba wala la shujaa. Walimwita kwa msiba uliokuwa mlangoni. Mtoto huyo alikua, na mwaka 1915 utawala wa Wajerumani ukamweka kuwa mtemi. Waingereza walipoitwaa nchi wakamwacha katika kiti chake. Aliitwa Nyerere Burito, akaoa wake 22, akafa mwaka 1942 akiwa mzee sana. Katika miaka yote ya utemi wake hakuna aliyeona kwamba jina la mdudu halifai kwa mtawala.

Hapa yafaa kutazama mbali kidogo, maana si kila nyumba ya watawala iliridhika na jina iliyozaliwa nalo. Huko Kroatia, nchi iliyo kando ya bahari ya Adria, zilikuwako koo mbili kubwa zilizotajwa pamoja siku zote. Wa kwanza walikuwa Šubić wa Bribir. Mwaka 1347 tawi lao moja lilipewa ngome ya Zrin, na kutoka ngome hiyo likapata jina la Zrinski. Jina lao lilitoka katika ardhi. Wa pili walikuwa mabwana wa kisiwa cha Krk, nao wakafanya jambo jingine. Katika karne ya 15 walijiita Frankopan, wakidai kwamba wametokana na Frangipani, ukoo wa fahari wa Roma. Jina la Frangipani hufasiriwa kuwa mvunja mkate, na husimuliwa kwamba babu yao aliwagawia mkate wenye njaa. Hadithi ni nzuri, lakini ushahidi wa udugu huo na Roma haukupatikana. Mabwana wale walikuwa na nguvu na mali, na bado waliona wapungukiwa na babu, wakamwazima babu wa watu wengine.

Koo hizo mbili zilipata mwisho mmoja. Tarehe 30 Aprili 1671, Petar Zrinski na Fran Krsto Frankopan walikatwa vichwa katika mji wa Wiener Neustadt kwa kuasi enzi ya Habsburg. Jina la kuazima halikumwongezea Frankopan siku, wala jina la ngome halikumlinda Zrinski. Majina yamebaki, na leo Wakroatia huyaheshimu yote mawili sawasawa, si kwa sababu ya Roma wala ya ngome, bali kwa sababu ya watu waliokufa nayo.

Turudi Butiama. Yako mambo mawili katika jina la Nyerere yanayostahili kufikiriwa na mwanafunzi wa lugha.

La kwanza ni namna jina la mtu mmoja lilivyogeuka kuwa la ukoo. Kwa desturi ya zamani kila mtu alikuwa na jina lake, na la baba likafuata ili kumtambulisha. Mtemi aliitwa Nyerere, na Burito likafuata. Mwanawe akaitwa Kambarage, na Nyerere likafuata. Mwendo huo ungeendelea, Nyerere lingetoweka katika kizazi cha tatu, kama majina mengi yalivyotoweka. Lakini mwaka 1934 Kambarage, mwenye umri wa miaka 12, alipelekwa Musoma katika shule ya Mwisenge. Jina lililoingia katika daftari la shule halifuati mwendo wa vizazi. Husimama pale lilipoandikwa. Alipobatizwa mwaka 1943 likaongezwa Julius mbele, na kwa ulimwengu mzima akawa Julius Nyerere. Hivyo jina la viwavi likakamatwa likiwa njiani kupita, likawa la watoto na wajukuu. Kama kalamu ingalifika kizazi kimoja mapema, yamkini tungalisema leo habari za Julius Burito.

La pili ni ukoo wa maana baina ya jina la baba na la mwana. Mtoto aliyezaliwa mwezi wa Aprili 1922 aliitwa kwanza Mugendi, maana yake mwenda kwa miguu. Kisha, kwa shauri la mwaguzi, akaitwa Kambarage, jina la pepo wa mvua. Asomaye haraka ataona kwamba baba alipewa jina la balaa na mwana akapewa la baraka. Lakini ajuaye maisha ya viwavi jeshi, kama hao ndio waliokuja, hatatenga majina hayo. Nondo wao huruka usiku, huchukuliwa na upepo, hushuka penye mvua za kwanza, na kutaga mayai. Majani yanapochipua, viwavi huanguliwa kwa maelfu. Wakiwa wachache huwa na rangi ya kijani, na wakisongamana hugeuka weusi, huandamana kama askari na kula nyasi, mtama, ulezi na mahindi. Baada ya wiki chache huingia ardhini, na mkulima aliyebakiwa na mbegu hupanda tena. Basi mvua iletayo chakula ndiyo iletayo mlaji. Wazee wa Butiama, katika majina mawili ya baba na mwana, waliweka elimu nzima ya mkulima: usishangilie wingu hata ukasahau kilicho nyuma yake.

Na jina hilo limepita katika mageuzi makubwa bila kubadilishwa. Mwaka 1963 utemi ulifutwa kwa sheria katika Tanganyika, na mkuu wa serikali iliyoufuta alikuwa mwana wa mtemi Nyerere. Aliondoa cheo cha baba yake, akabaki na jina la baba yake. Mwaka huohuo ilitoka tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Kaizari wa Roma, mtu ambaye jina lake, kinyume cha hili, liligeuka kuwa cheo cha wafalme. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori la Selous, lililoitwa kwa jina la mwindaji Mwingereza aliyeuawa vitani huko mwaka 1917, ilifanywa hifadhi ya taifa, ikaitwa Nyerere. Hivyo tembo na simba wa kusini hukaa leo katika nchi yenye jina la mdudu, na hapana acheke.

Jioni binti alirudi Kamunyonge. Babu yake alikuwa amekaa nje, ziwa likiingia giza. Akamweleza yote, na mwisho akauliza lile ambalo kwa miaka ishirini na zaidi hakuwahi kuliuliza: "Babu, huyo aliyeitwa Njaa alikuwa nani?"

"Ni baba yangu," mzee alisema. "Alizaliwa katika njaa. Watoto wawili waliomtangulia walikufa mwaka uleule. Mama yake alikwenda kwa miguu kwa watu asiowajua, akawalimia mashamba, akalipwa mtama kwa kibaba. Mtoto hakufa. Watu walipomwuliza jina lake, alisema: Njaa. Maana yake, njaa ilikuja ikampita huyu."

"Mbona hukunieleza?"

"Hukuniuliza, mjukuu wangu. Nami sikudhani ni fumbo. Kwetu sisi kila aliyelitaja jina lile alikuwa akimtaja yule mama."

Binti alinyamaza. Wahenga walisema kwamba mwacha asili ni mtumwa, lakini methali hiyo haimfai asiyeonyeshwa asili yenyewe. Kosa si la kijana tu. Wazee huacha majina bila habari zake, na shule huandika majina bila kuuliza, kisha wote hustaajabu mtoto anapoyatupa.

Karatasi ya kiapo haikutiwa sahihi usiku ule, wala mzee hakuuliza iko wapi. Likizo ilipokwisha binti alirudi chuoni. Katika darasa la kwanza mwalimu mgeni alisoma orodha ya wanafunzi, akasita penye jina lake, akauliza lina maana gani. Binti alisimama, akaanza na yule mama.