Wimbe, Kijiji cha Kinu cha Upepo

Msafiri atokaye Mbeya kwenda Malawi huvuka mto Songwe pale Kasumulu, kisha huandamana na ufuko wa ziwa. Watu wa upande mmoja huliita Nyasa na wa upande wa pili huliita Malawi, nasi wageni tukapita kimya. Baada ya Karonga barabara hupanda mlima kwa kona za kutisha, ikapita Mzuzu na msitu wa misonobari wa Viphya, hata ikashuka Kasungu, nchi tambarare ya tumbaku na mahindi, yenye mlima mmoja uliosimama peke yake kama askari wa zamu.

Nilikuwa na safari ya Lilongwe, lakini nilishuka Kasungu kwa ajili ya kitabu cha watoto. Najua wako watakaocheka. Binti yangu wa miaka minane alikuwa amekataa kabisa kusoma tangu tulipohamishwa kituo, kwa kuwa katika shule yake mpya masomo yote ni ya Kiingereza. Kila jioni kitabu kilifunguliwa, machozi yakatoka, kitabu kikafungwa. Mama yake alichoka, nami nilikuwa nimeanza kutumia sauti ya gwaride, ambayo haijapata kumfundisha mtoto kusoma.

Wilaya ya Kasungu ina shule iliyovuma sana, Kamuzu Academy, aliyoifungua Rais Banda mwaka 1981, ambako vijana walisomeshwa Kilatini na Kiyunani. Wimbe imo katika wilaya hiyo hiyo, ila sifa yake imetoka katika maktaba ya shule ya msingi yenye rafu tatu tu.

Mwaka 2001 na 2002 njaa kali iliipiga Malawi. Mvua ziliharibu mazao, na nafaka ya akiba ya taifa ilikuwa imekwisha kuuzwa. Nchi hiyo hutegemea msimu mmoja wa mvua, basi mavuno yakikosekana, hakuna jingine mpaka mwaka upite. William Kamkwamba, kijana wa miaka 14, mwana wa mkulima, aliacha shule ya sekondari kwa kukosa ada, na nyumbani mlo ulikuwa mmoja kwa siku. Ili asiachwe nyuma na wenzake, akawa akienda kuazima vitabu katika maktaba ile. Humo akakuta kitabu cha Kimarekani cha elimu ya nishati, chenye picha ya vinu vya upepo jaladani.

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji asimame kidogo. Kijana huyu Kiingereza chake kilikuwa haba. Alitazama mchoro kwanza, kisha akalitafuta katika maandishi neno lililouhusu, na hivyo picha ikamfundisha neno, neno nalo likamfundisha mtambo. Sisi wazazi wangapi huifunika picha kwa kiganja tukimwambia mtoto, "Acha kutazama picha, soma"?

Alianza na kinu kidogo cha kuchezesha redio. Kisha akaingia katika uwanja wa vyuma chakavu, akatoka na feni ya trekta na shokapu. Bomba la plastiki alilipasua, akalilainisha motoni na kulinyoosha liwe mabawa. Vizibo vya chupa vikawa washa za kukazia nati, na kandambili kuukuu ikatoa mpira wa kutengenezea swichi ya taa. Watu walimwona mwendawazimu, na wengine wakasema anavuta bangi. Alichokikosa kwa muda mrefu ni dainamo. Rafiki yake, mwana wa chifu, ndiye aliyetoa fedha zake mwenyewe kumnunulia kwa mtu aliyekuwa akipita na baiskeli. Rafiki huyo na binamu yake ndio waliosaidia kukata mikaratusi na kusimamisha mnara wa meta tano. Upepo ulipovuma, taa ikawaka, na waliokuwa wakicheka wakapiga makofi.

Mwaka 2007 Kamkwamba alisimama Arusha mbele ya mkutano wa wataalamu akasimulia habari zake kwa maneno machache. Kitabu kikubwa, alichokiandika pamoja na Bryan Mealer, kilitoka mwaka 2009, na mwaka 2012 kikatoka cha watoto, chenye picha za Elizabeth Zunon, mchoraji aliyekulia Kodivaa, aliyechanganya rangi za mafuta na karatasi za kukatwa. Mwaka 2019 ikatoka na filamu, iliyopigwa huko huko Wimbe.

Nina neno moja juu ya kitabu hicho cha watoto. Ni kizuri, lakini kurasa chache humfanya mtoto adhani kwamba jambo lilikwisha kwa wiki moja. Miezi ile ya kuokota chuma na kurudi mikono mitupu haichoreki kwa urahisi. Mzazi asiharakishe kufunua. Ukifika penye vyuma chakavu, kaa hapo.

Wimbe yenyewe ni maduka machache, vumbi jekundu, na upepo usiokoma. Mgeni asiyeijua habari hii angepita asigeuze shingo.

Niliporudi nyumbani sikumwamuru binti yangu asome. Tuliketi mkekani tukatazama picha, akataja kwa Kiswahili kila kitu alichokitambua, nami nikamwonyesha neno lake la Kiingereza. Jioni ya tatu alilitafuta neno mwenyewe kabla sijanyosha kidole. Kilio hakijaisha nyumbani kwetu, maana hesabu bado ipo, lakini kitabu hiki hukileta mwenyewe.

Jioni moja nilimsimulia habari ya rafiki aliyenunua dainamo. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Baba, na yule mtu wa baiskeli, usiku alirudije kwao bila taa?"

Sikuwa na jibu. Mama yake alisema jikoni kwamba pengine kulikuwa na mbalamwezi.