Walionipokea

Watu wa Dar tunapimana kwa swali moja: wewe ulishukia wapi? Aliyekuja kwa treni atakwambia Stesheni, aliyekuja kwa boti atakwambia bandarini, na sisi tuliotoka bara kwa basi jibu letu linajulikana. Mimi nilishuka Ubungo mwaka 2003 nikitokea Singida. Giza lilikuwa limeshaingia, mkononi nina mfuko wa rambo, kwapani nina kuku wa shangazi. Wapiga debe wakatugombania, mimi na kuku wangu, kila mmoja akidai anajua ninakokwenda. Wakati huo Ubungo ilikuwa bado ndani ya Kinondoni, haijawa wilaya.

Sasa mimi ni mwenyeji wa Ubungo Kisiwani, na ninachotaka kushuhudia ni namna daftari moja lilivyonirudisha kwa watu. Si daftari la mahesabu. Ni kauntabuku la kwaya nne, limevimba mpaka halifungiki, nalibana kwa mpira wa tairi la baiskeli. Ndani yake mna vipande vya kanga, picha zilizotolewa kopi, tiketi za basi, maganda ya vitunguu, uzi wa cherehani, mkaa, na rangi nyeupe ya ukutani kila mahali. Mwalimu aliyenifundisha huliita daftari la sanaa ya mchanganyiko. Mama mwenye nyumba wetu huliita takataka za Mama Ubwabwa. Mama Ubwabwa ni mimi. Miaka mingi nilipika wali pale stendi.

Mnaokumbuka stendi ile mnajua biashara ilivyokuwa. Abiria wa alfajiri hawana muda wa kuchagua, wanataka chai ya moto na kitu cha kushiba mpaka Morogoro. Abiria wa jioni wamechoka, wanataka wali maharage na maji ya kunawa. Februari 2021 stendi mpya ya Mbezi Luis ilizinduliwa, mabasi ya mikoani yakawa ya huko, na mwezi huohuo ikazinduliwa barabara ya juu ya Kijazi hapa kwenye makutano. Wenzangu wenye mtaji waliyafuata mabasi. Mimi sikuwa na mtaji huo. Leo pale palipokuwa stendi pameinuka majengo ya kituo cha biashara cha EACLC, na mgeni hawezi kuamini kwamba hapo watu walikuwa wanalala juu ya mabegi.

Sina wa kumlaumu. Foleni ya Ubungo kila mtu aliiona. Ila hasira isiyokuwa na mtu wa kuelekezwa hukaa ndani ya nyumba, na yangu ilikaa. Niliacha kwenda kwenye kikoba. Simu ikiita naitazama mpaka inyamaze. Nilikuwa na sentensi niliyoipenda, nikiwaambia hata watoto: nilijijenga peke yangu, na nimebomokewa peke yangu.

Mwalimu alihamia chumba cha pili kutoka changu. Anafundisha shule ya msingi, binti mdogo tu, na kila Jumamosi alikuwa anatandika mkeka barazani na kuchanachana magazeti. Jumamosi moja akaja mlangoni.

"Shikamoo mama. Naomba mkaa kidogo."

"Marahaba. Unapika nini saa hizi?"

"Sipiki, mama. Nachora."

Nikampa, nikabaki kumtazama anavyouvunja na kuchagua vipande vyembamba, kama anachagua mchele. Akaniona, akasogea upande mmoja wa mkeka. Hivyo ndivyo nilivyoanza.

Jambo la kwanza alilonifundisha halikuwa kuchora. Alisema daftari la namna hii lazima liwe na jambo moja linalokutia moyo, na kurasa zote zilizunguke hilo, la sivyo linakuwa jalala. Nikamwambia la kwangu ni Matumaini, neno nililoliona kwenye kalenda. Akatikisa kichwa. "Hilo ni la kila mtu, mama. Chagua jambo ambalo ukilitaja tu mimi nitakuuliza swali." Nilikaa nalo siku kadhaa. Nilipomwambia nataka walionipokea nilipofika mjini, akauliza papo hapo: "Ni akina nani?" Nikaanza kuwataja, na ugali ukaungua jikoni.

Huoni ajabu yake? Mtu aliyejijenga peke yake alikuwa na orodha ya watu inayounguza ugali.

Kuhusu kazi yenyewe nitaeleza kidogo, maana wengi hudhani ni kubandika tu. Kauntabuku jipya unalipunguza kwanza: unanyofoa karatasi moja kila baada ya chache, ili vitu utakavyobandika vipate nafasi na mgongo usipasuke. Karatasi zinazobaki unazigandisha mbilimbili ziwe ngumu. Kisha unapaka rangi nyeupe ya maji, ileile ya ukutani, iliyochanganywa na gundi ya mbao na unga wa chaki. Ikikauka unapitisha msasa laini. Hapo ukurasa unapokea kila kitu: kalamu, mkaa, rangi, kitambaa. Karatasi inayotoka nyeupe dukani, kwa uzoefu wangu, inatisha. Ukishaipaka na kuikwaruza inakuwa yako.

Gundi nilitaka nitumie ya kwangu, ya unga wa muhogo uliopikwa mpaka ukavuta. Inashika vizuri kuliko ya dukani, sibishani na mtu. Lakini mende nao waliipenda. Niliamka nikakuta kona ya ukurasa imeliwa, na kondakta niliyemchora amebaki na mguu mmoja. Mwalimu akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaniambia nitie karafuu iliyosagwa. Tangu hapo daftari linanukia pilau, na mende wamehama. Yule kondakta nimemwacha vilevile.

Ukurasa wa kwanza ni wa shangazi. Alipanga Manzese, na mumewe alikuwa amestaafu Urafiki, kiwanda kile cha nguo cha hapa Barabara ya Morogoro kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Nyumba yao ilijaa kanga na vitenge vya Urafiki. Hata pazia lilikuwa kanga. Nilifika na kuku, akanipokea mfuko, akanipa maji ya kuoga kabla ya kuniuliza habari za nyumbani. Chumba kimoja, watu sita, na hakuna aliyenionyesha kwamba nimekuwa wa saba. Shangazi alishafariki. Kanga yake niliyokuwa nayo ilikuwa imechakaa na kona moja imeungua kwa pasi. Kukata kanga nzima nisingethubutu, kwetu ni kama kufuru, lakini kwenye ile kona iliyoungua nilipata pindo la kutosha na nusu ya jina lake. Mgeni njoo, basi. Sehemu ya mwenyeji apone imeondoka na moto.

Kwenye picha yake ndipo nilipopata kitu ambacho mpaka leo sijakizoea. Picha ya pasipoti unaipeleka kwa mtu wa steshenari akaikuze na kuitoa kopi, ile ya mashine ya unga. Ukurasa unaupaka gundi nyeupe, unailaza kopi kifudifudi, unaikanda kwa kijiko, unaiacha ikauke usiku mzima. Asubuhi unaloweka kidole na kuanza kusugua mgongo wa karatasi. Karatasi inatoka vipande vidogovidogo, inajisokota chini ya kidole, na polepole wino unabaki peke yake kwenye ukurasa. Kwanza lilitoka sikio, kisha hereni, kisha jicho moja. Nilikuwa nasugua jicho la shangazi kwa ncha ya kidole, kwa woga, maana ukizidisha unamtoboa. Uso ukitokea unakuwa umegeuka: aliyekuwa anatazama kulia anatazama kushoto. Kwa hiyo shangazi wa daftarini anatazama mlangoni.

Wengine nitawapitia haraka, ingawa kila mmoja ana kurasa zake. Mama wa Iringa aliyeniazima sufuria ya kwanza, nikakaa nayo mwaka mzima bila yeye kuidai. Mzee muuza kahawa aliyenifundisha kujua basi linalochelewa kwa kuangalia nyuso za wapiga debe. Dereva wa Tanga ambaye hakula bila kulipa hata mara moja, na stendi wapo wengi wa namna nyingine. Huyo nimembandikia tiketi zenyewe, nilizozipaka majani ya chai zikapata rangi ya vumbi.

Mwalimu ana desturi ya kuingiza somo katikati ya kazi. Ndiye aliyenisimulia vizuri habari za Edward Saidi Tingatinga, ambaye mimi nilijua jina lake kwa picha za twiga tu. Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaja Dar kutafuta maisha, na mwaka 1968 akaanza kuchora juu ya vipande vya mbao za dari kwa rangi ya baiskeli, picha zikauzwa Morogoro Stores kule Oysterbay. Aliuawa kwa risasi mwaka 1972, polisi wakimdhania mhalifu. Miaka minne tu ya kuchora. Lililonikaa kichwani ni kwamba wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa ndugu zake waliomfuata mjini. Aliwapokea, akawapa brashi, na alipokufa kazi haikufa. Mwalimu alinipeleka pia Nafasi, Mikocheni, kile kituo cha sanaa kilichoanza mwaka 2008, wasanii wanafanyia kazi kwenye makontena. Nikaona kijana ameshona picha kwa mifuko ya saruji. Wakati wa kurudi, ndani ya daladala, niliokota vocha iliyokwanguliwa nikaitia kwenye pochi, na dada aliyekaa karibu akanitazama sana.

Sasa nifike kwenye ukurasa ulionisumbua. Kabla ya stendi nilifanya kazi za ndani kwa mama mmoja. Simtaji, na mtaa wake siutaji. Alinipokea kwa shangazi, akanipa godoro, na mshahara wangu ukawa unakuja anapojisikia. Siku naondoka alinipa kanga mpya yenye jina: Usisafirie nyota ya mwenzio. Hakusema neno. Mnaojua kanga mnajua kwamba hakuhitaji kusema. Niliiweka chini ya sanduku miaka yote, sijawahi kuivaa, sijawahi kuigawa.

Nilimwambia mwalimu kwamba mama huyo hamo daftarini. Yeye akauliza swali dogo: "Mama, pilau ulijifunza kwa nani?"

Nilinyamaza. Pilau ya stendi, iliyosomesha watoto wangu, nilijifunza jikoni kwake. Alikuwa anasimama nyuma yangu na kuhesabu pilipili manga. Akiona nimewahi kutia maji ananigonga mkono kwa mwiko.

Hiyo kanga niliikata, tena bila huruma, kwa mkasi wa mwalimu. Nikabandika jina lote, nikalipaka rangi nyeupe likapotea. Rangi ilipokauka nikachukua msasa nikaanza kukwangua, hapa kidogo, pale kidogo, mpaka herufi zikaanza kurudi nusunusu. Nilipoacha, kilichosomeka ni nyota na vipande vya mengine. Pembeni nikabandika mchele kwa gundi na mdalasini. Watu wakiona ukurasa ule huniuliza kama nimemsamehe. Sijasema nimemsamehe. Nimesema yumo.

Badiliko langu lilianzia hapo, nami sitaki kulipamba. Biashara haikurudi kwa sababu ya daftari. Ilirudi kidogo kwa sababu nilianza tena kupokea simu, na mmoja wa waliopiga alinipa habari za kibaraza Riverside karibu na gereji, ambako sasa napika asubuhi. Lakini ile sentensi yangu ya kujijenga peke yangu sikuweza tena kuitamka. Kila nikitaka kuisema namwona mwenye sufuria. Yule mama wa Iringa nilimtafuta kwa simu za watu wanne nikampata. Yuko Mafinga, haoni vizuri, na sufuria haikumbuki kabisa. Aliniuliza kama nimekula. Nilikwenda pia Mbezi Luis, ambako nilikuwa nimeapa sitakanyaga, nikamkuta mzee wa kahawa na birika lake lilelile, naye hakushangaa kuniona. Alinimiminia kikombe na kukataa hela. Kikoba nimerudi, nimelipa faini ya utoro.

Mungu naye nimemrudia kwa njia hiyohiyo. Zamani sala zangu zilikuwa za kuomba. Sasa kabla ya kulala nafungua ukurasa mmoja na kumtaja mtu aliyemo, aliye hai na aliyekufa, na mara nyingi usingizi unanichukua kabla sijafika kwenye shida zangu.

Mwanangu wa sekondari aliwahi kuniuliza mbona sina ukurasa wa watu niliowapokea mimi, na ni kweli wapo, wadogo zangu wawili na binti mmoja aliyepotea stendi akitafuta ndugu zake wa Mbagala. Nikamwambia huo haunihusu. Wenyewe wakitaka watautengeneza kwenye madaftari yao.

Siku hizi Jumamosi mkeka wa mwalimu hautoshi. Wanakuja wanawake watatu wa kikoba: wawili wauza mitumba wa Manzese na mmoja fundi cherehani anayetuletea makapi ya vitenge bure. Kila mmoja ameshaambiwa achague jambo lake. Fundi amechagua mama yake. Wa pili bado anafikiri. Wa tatu anasema la kwake ni wanaomdai, na mwalimu alipomwambia jambo lenyewe litie moyo, akajibu kwamba kumi na moja kati yao hawajawahi kumgongea mlango. Tumemruhusu. Nimewaambia wiki ijayo kila mtu aje na wembe wake na kopi yake ya picha, kopi ya mashine ya unga, maana ile ya wino wa maji inayeyuka na kumwondoa mtu kabisa.