Kitabu cha Kumwongoza Msafiri Aendaye India

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyeikunjua ardhi na kutuhimiza tutembee humo tupate mazingatio. Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, watu wetu wa pwani wameizoea India tangu zama za majahazi. Leo wako waendao kusoma, waendao kufanya biashara, na wengi waendao kutafuta matibabu. Katika hao, wasio na mwenyeji wa kuwapokea huko si wachache, na mwenyeji wao huwa ni kitabu. Basi yapasa kitabu hicho kichaguliwe kwa makini, kama achaguliwavyo mwenzi wa safari.

Nchi yenyewe si ndogo. Ukubwa wake ni yapata kilomita za mraba milioni 3.3, zaidi ya mara tatu ya Tanzania. Kutoka Delhi mpaka Chennai kwa reli ni zaidi ya kilomita 2,100, na hata treni ya mbio huchukua zaidi ya siku nzima. Katika nchi kama hiyo, kosa dogo la kitabu huweza kuwa hasara kubwa kwa msafiri.

Nayasema haya kwa yaliyonifika. Miaka kadhaa iliyopita nilimpeleka dada yangu mkubwa kupasuliwa Chennai. Tuliteremka Delhi kwa sababu nauli ya ndege ilikuwa nafuu, tukakata tiketi ya treni ya kuelekea kusini. Mkononi nilikuwa na kitabu cha kuazima, kikuukuu, kilichosema kwamba treni za kusini huondokea kituo cha New Delhi. Katika tiketi niliona jina la Hazrat Nizamuddin. Kwa kuwa nalimjua walii huyo, aliyefariki mwaka 1325 na kuzikwa mjini humo, nilidhani treni imepewa jina lake kwa heshima. Kumbe ni kituo kingine kabisa! Tulipong'amua, treni ilikwisha ondoka. Tulilala juu ya mizigo yetu ukumbini, dada akiugulia, na siku yake ya kupasuliwa ikasogezwa mbele siku tisa. Sikilaumu kitabu peke yake; mimi niliamini nisichokihakiki.

Nilipokuwa nimekaa pale nilijiuliza: mbona tukisikia Hadithi tunauliza imepokewa na nani, na habari ya njia twaipokea bila kuuliza? Tangu siku hiyo nikakata shauri kwamba kitabu cha safari nacho kiulizwe sanadi yake.

Swali la kwanza: mwandishi amefika mwenyewe, au amenakili? Katika dibaji waandishi wazuri hutaja nani alikwenda jimbo gani. Tena iko njia nyepesi ya kuwajaribu. Wachapaji wakubwa wa vitabu hivi hutoa pia kitabu cha Afrika Mashariki. Kifungue dukani, utafute mji wako mwenyewe. Ukiona amekosea msikiti wa mtaani kwako au stendi ya mabasi unayoijua, je, utamwamini juu ya Hyderabad usikokujua?

Swali la pili: kimepigwa chapa lini? Kitabu cha kabla ya Novemba 2016 chaweza kukuambia uchukue noti za rupia 1,000, nazo zilifutwa mwezi huo. Noti ya 2,000 iliyotolewa wakati ule nayo ilianza kuondolewa mwaka 2023. Zamani tiketi za treni zilikatwa siku 120 kabla ya safari. Tangu Novemba 2024 ni siku 60. Kumbuka pia kwamba habari za kitabu zilikusanywa kabla ya kuchapwa, kwa hiyo huzeeka kabla hakijafika dukani.

Swali la tatu: kimeandikiwa nani? Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, kisha akawa kadhi mjini Delhi. Kitabu chake ni hazina, lakini alikisimulia baada ya kurejea kwao, akitegemea kumbukumbu zake, kwa watu waliotaka kusikia maajabu. Kisome upate elimu. Usikitafutie njia ya kituoni. Vivyo hivyo, kitabu chenye picha nzuri za majumba chafaa barazani, na aendaye hospitali ya Chennai yamtosha kitabu cha kusini peke yake, chepesi kwa mzigo na chenye maelezo zaidi ya huko.

Sisi Waislamu tunayo haja yetu ya ziada. Kitabu kizuri kitakujulisha kwamba Taj Mahal hufungwa Ijumaa isipokuwa kwa waendao kuswali. Kitakueleza ile alama ya kijani, duara ndani ya mraba, juu ya vyakula vya pakiti, kwamba havina nyama. Asiyeona nyama ya halali ana pa kukimbilia. Kitakuonya kuhusu walaghai wa kituo cha New Delhi, wanaomwambia mgeni kwamba ofisi ya tiketi za wageni imefungwa au imehama, na hali iko ghorofa ya kwanza humo humo kituoni. Tena kitakukumbusha cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho India hukidai kwa watokao nchi kama Kenya na Uganda.

Enyi vijana mnaokijua Kiingereza vizuri kuliko sisi wazee wenu, hapa mna kazi ya thawabu. Mzazi anapofunga safari, msomeeni kitabu mapema, mlinganishe na tiketi neno kwa neno, na mmwandikie kwa Kiswahili majina ya vituo katika karatasi ya mfukoni. Kwani kutegemea kwa Mungu hakumkatazi mtu kumfunga ngamia wake.

Dada yangu, alhamdulillahi, alipasuliwa akapona. Lakini hata leo tukitaja India, yeye huulizia kwanza: "Kituo umekiuliza?"

Mwenyezi Mungu awasalimishe wasafiri wetu wote na awarejeshe kwa jamaa zao kwa heri. Amin.