Siku Moja Katika Cartagena

Merikebu yetu ya watalii ilitia nanga Cartagena, katika nchi ya Kolombia, asubuhi. Jioni ilikuwa lazima tuondoke. Wenzangu wengi walikwenda kupanda ngome ya San Felipe na kupiga picha. Ngome ni nzuri kweli, lakini ni nani waliobeba mawe yale? Mimi nilishika njia ya kanisa la Mtakatifu Petro Claver.

Padri huyo Myesuiti alifika mjini mwaka 1610, akafa papo hapo mwaka 1654. Mifupa yake imo chini ya altare. Merikebu za watumwa zilipoingia, alishuka tumboni mwake na maji, matunda na dawa. Wengi wa watumwa wale walitoka Kongo na Angola. Lugha zao zilikuwa nyingi, basi alisaidiwa na wakalimani Waafrika, kama Andrés Sacabuche wa Angola. Nao walikuwa watumwa wa Wayesuiti wenyewe! Neno hilo lilinichoma mbele ya altare.

Nje, mama mmoja wa Palenque alikuwa akiuza matunda, beseni kichwani. Kijiji chao, kilometa 50 hivi toka mjini, kilianzishwa na watumwa waliotoroka, na mpaka leo kina lugha yake. Mwenzetu mmoja ajuaye Kispaniola aliniulizia: ng’ombe mwamwitaje? Akajibu: «Ngombe.» Na mtoto? «Moná.»

Nikamwambia: «Sisi twasema mwana.»

Alinitazama kitambo, akashusha beseni, akanikatia embe. Fedha alikataa.