Mashine ya Marehemu wa Nkubu

Kabla mirathi haijagawanywa hutolewa gharama za maziko, hulipwa madeni, hutekelezwa wasia. Kisha kilichobaki hutiwa bei ili kila mrithi apate fungu lake. Nyumba na shamba hazisumbui sana, kwa kuwa wako wengi wanaozijua bei zake. Linalosumbua ni vyombo vya kazi. Nani ajuaye bei ya mashine iliyolala miaka minne chini ya turubai?

Swali hilo ndilo lililonipandisha Nkubu, mji mdogo ulio kusini ya Meru, kwenye barabara iendayo Chuka na Embu. Marehemu alikuwa seremala, mtu wa pwani aliyehamia huko ujanani akaoa huko. Ameacha mjane, mwana mmoja mkubwa aliyerithi useremala, na mabinti wawili ambao hawajabaleghe. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amekwisha kuipima mashine kwa macho na kutaja bei ya kilo. Mwana alitaka bei hiyo iandikwe, kisha aichukue yeye katika fungu lake. “Ami, hiki ni chuma tu,” aliniambia. Simlaumu, maana tangu alipoanza kuitumia hakuiona ikifanya kazi sawasawa. Lakini bei ndogo ingempunguzia mama yake thumuni yake, na ingewapunguzia wale mabinti ambao hawakuwa na wa kuwasemea katika kikao kile.

Nikawaambia kuwa siwezi kutaja bei kabla ya kuiona mashine ikikata mbao. Wakanipa siku tatu.

Mashine yenyewe ni ya kutoboa matundu ya mraba, yale yanayopokea ulimi wa mbao katika fremu za milango na madirisha. Sisi pwani tumezoea kuyachimba kwa juba na nyundo ya mti. Mashine huziunganisha kazi mbili: iko keekee inayozunguka, na keekee hiyo imevikwa juba la miraba minne lenye uvungu. Keekee hutangulia ikila mbao kwa mviringo, juba hushuka pamoja nayo likikata pembe nne, na maranda hutokea kwenye upenyo wa ubavuni. Hii ilitengenezwa na Wadkin wa Leicester, Uingereza. Mwili wake ni chuma cha kusubu, na watu wanne hawakuweza kuisogeza.

Kasoro ilikuwa ndogo kuliko sura yake. Tundu la kichwa linaloshika shina la juba lina upana wa inchi 13/16, kipimo cha mashine nyingi za Kiingereza. Majuba yaliyonunuliwa miaka ya karibuni yana shina la inchi 3/4. Ili kuziba nafasi hiyo, mtu alizungushia kibati cha kopo. Tiba hiyo siipendi kabisa. Kibati hakikai sawa pande zote, kwa hiyo juba husimama upande, keekee husugua ukuta wa ndani, na chuma hupata moto hadi kikageuka rangi ya samawati. Kikishageuka hivyo, makali hayakai tena. Majuba mawili kati ya manne yalikuwa yamekufa kwa namna hiyo.

Dawa yake ni bushi, yaani pete ndefu ya chuma yenye ukuta wa 1/32 ya inchi, pungufu kidogo ya milimita moja, iliyopasuliwa upande mmoja ili skrubu ikikazwa, pete ilibane shina. Tuliikerezesha Meru mjini. Ya kwanza ililegea nikairudisha. Ya pili iliingia kwa kusukumwa na kidole gumba, nami sikuhitaji zaidi ya hapo.

Kufunga juba kuna adabu yake. Usilisukume mpaka juu kwanza. Weka sarafu kati ya bega la juba na kichwa cha mashine, ukaze kidogo. Pandisha keekee ndani yake mpaka midomo yake iguse ncha za juba, kisha uikaze barabara. Sasa toa sarafu, legeza juba, lipandishe hadi bega likae, ulikaze. Nafasi iliyobaki chini kati ya juba na midomo ya keekee ni unene wa ile sarafu, kama milimita mbili. Bila nafasi hiyo vyuma husagana. Ikizidi sana, maranda hukwama. Kabla ya kukaza mara ya mwisho nililinganisha ubavu wa juba na ukingo wa meza kwa pembemraba, kwani juba lililopinda hata kidogo huacha tundu lenye kuta za meno ya msumeno.

Mota ilipowashwa ilizunguka kinyume. Fundi wa umeme alibadilisha nyaya mbili kati ya tatu za fezi, ikakaa sawa.

Jaribio tulilifanya kwa kipande cha muuru, mti mgumu wa upande huu wa Mlima Kenya ambao wauza mbao huuita Meru oak. Mwana alisita kutoa kipande kizuri. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mwezi wa Februari 2018, mbao zilikuwa si kitu cha kuchezea. Nikamwachia yeye mwenyewe mkono wa mashine. Alitoboa matundu matatu yaliyofuatana, akapitisha kidole ndani, akanyamaza, akatoboa la nne.

Maseremala wawili, mmoja wa Chogoria na mmoja wa Meru, waliitwa kuitazama, na kila mmoja alitaja bei yake peke yake. Ya chini kati yao iliishinda mbali ile ya kilo. Mmoja wa wazee alipendekeza niinunue mimi. Nikakataa, kwa kuwa mtia bei hafai kuwa mnunuzi, hasa penye mali ya mayatima. Iliandikwa bei ya kati. Gharama ya bushi na ya fundi wa umeme ilitolewa katika mali kabla ya kugawa.

Mwana ameichukua mashine. Kilichozidi fungu lake ni deni kwa mama yake na dada zake, limeandikwa mbele ya mashahidi wawili, naye hulilipa kila mwisho wa mwezi. Fedha za mabinti ziko chini ya uangalizi wa wazee wawili wa msikiti. Juba la nusu inchi liko salama. La 3/8 bado huazima kwa jirani, na kila analoazima hulipima shina kwanza.