Mwaka wa Kwanza wa Sheria

Mdogo wangu alipokubaliwa kusoma sheria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kijiji chetu chote kilifurahi. Wazee walisema, "Sasa tumepata wakili wetu, kesi za mipaka ya mashamba zimekwisha." Nami, ijapokuwa ni mwalimu, nalidhani kama wao, ya kuwa atahifadhi sheria zote moyoni, kama watoto wahifadhivyo hesabu za kuzidisha.

Hata alipokuja likizo baada ya mwaka wa kwanza, jirani mmoja akamletea shauri la mpaka wake. Akamjibu kwa adabu, "Mzee wangu, mambo ya ardhi bado sijafundishwa." Jirani akaenda zake akinung'unika. Usiku, tulipokuwa tukinywa chai, nikamwuliza, "Basi, mwaka mzima mmejifunza nini?"

Akasema, "Kaka, tumejifunza kusoma."

Nalichukizwa kidogo, maana kusoma nalimfundisha mimi. Ndipo aliponieleza. Mwaka wa kwanza husoma njia ya kufikiri kisheria, mikataba, makosa ya jinai na Katiba. Lakini katika masomo hayo yote kazi kubwa ni moja: kupewa hukumu zilizoandikwa na majaji, na kuziuliza maswali manne. Ni mambo gani yaliyotukia? Ni swali gani lililoletwa mbele ya mahakama? Mahakama iliamuaje? Na kwa sababu gani? Ile sababu ndiyo kiini, nayo huzifunga mahakama za chini zikipata shauri la namna ile ile. Maneno mengine ya jaji, hata yakiwa mazuri, ni ya kupita tu.

Akanipa mfano wa Uingereza, kwa kuwa sheria yetu ya mikataba ilirithi mengi kutoka huko. Kampuni ya Carbolic Smoke Ball ya London ilitangaza magazetini ya kuwa itampa paundi 100 mtu ye yote atakayevuta dawa yake puani kama ilivyoagizwa, kisha akashikwa na homa ya mafua. Bibi Carlill aliitumia, akaugua, akadai fedha zake. Kampuni ikajibu kwamba yale yalikuwa maneno ya kuvutia wanunuzi tu. Mwaka 1892 Mahakama ya Rufani iliamua alipwe. Sababu moja ni kwamba kampuni yenyewe ilitangaza ya kuwa imeweka paundi 1,000 benki, kuonyesha kwamba haifanyi mzaha.

"Waona, Kaka?" akasema. "Si kuhifadhi jina la bibi yule, ni kuitafuta sababu."

Kisha akafika kwenye Katiba yetu ya mwaka 1977. Ibara ya 13 yasema kwamba haki ya mtu inapoamuliwa, sharti apewe nafasi ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Akasema jambo hili ni la zamani sana. Chuo Kikuu cha Cambridge kilimvua Dakta Bentley shahada zake pasipo kumsikiliza. Mwaka 1723 mahakama iliamuru arudishiwe, na jaji mmoja akakumbusha ya kuwa hata Mungu hakutoa hukumu juu ya Adamu kabla ya kumwita ajieleze.

Nikaweka kikombe changu chini. Habari ile ya bustani nimeifundisha watoto mara nyingi, wala sikupata kuiona hivyo.

Maana muhula ule ule fedha za madaftari zilipotea mezani pangu. Mtoto mmoja alionekana akitoka chumbani, nami nikamfukuza arudi kwao. Sikumwuliza neno. Nalisema moyoni, "Aliyeonekana ndiye." Yale maswali manne, sikuuliza hata la kwanza.

Shule ilipofunguliwa nalikwenda kwao. Mama yake hakunikaribisha kiti, nami sikumlaumu. Nikamwambia mtoto, "Nieleze yaliyotukia." Akaniambia ya kuwa mwalimu mwenzangu alimtuma kurudisha kitabu cha mahudhurio, akakiweka, akatoka. Nikamwuliza mwalimu yule, akasema, "Ndivyo. Mbona hukuniuliza?" Kitabu kilikuwa mezani siku ile, nami nalikiona kwa macho yangu.

Nalimrudisha darasani, nikamwomba radhi mbele ya wenzake, kwa kuwa mbele yao ndipo nalipomwaibisha. Fedha hazikuonekana hata leo, wala sijui nani alizichukua. Lakini masomo ya majuma matatu yalikwisha kumpita, nami namfundisha jioni kuyafidia.

Wazee wetu walisema, mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Kwa hiyo aliyesikia upande mmoja hajasikia shauri bado. Ndugu msomaji, wengi wetu hatutaingia chuo kikuu, lakini kila siku twaamua mashauri nyumbani, shuleni na barazani. Kabla hujatamka neno la mwisho, mwite yule mwingine, umwulize, kisha unyamaze umsikilize.